Namna ya Kukidanganya Kijiwe kwa Miezi Tisa

Mdogo wangu, najua mkeo ameshakuambia. Pengine ilikuwa jikoni, anachambua maharage, na hakuinua hata macho. Wewe ukasema "sawa", ukatoka nje kumkagua ng'ombe asiyekuwa na tatizo lolote. Tangu siku hiyo kifua kimebeba kitu kizito kama jiwe la kusagia ulezi, na hujapata mtu wa kumwambia. Kijiweni huwezi. Wale wana neno moja tu kwa mwanaume anayemfikiria mkewe mchana kweupe: amelishwa limbwata.

Basi sogea hapa tule njama mimi na wewe. Nimeyapitia mara tatu hapahapa Pito, Sumbawanga, na mara ya kwanza niliyapitia vibaya. Nilisema naenda Laela kufuatilia bei ya mahindi, nikakaa huko wiki mbili nzima. Niliporudi mke wangu hakuuliza chochote. Alinitengea ugali, akanawa mikono, akaenda kulala. Yote ninayokuambia leo niliyatafuta kwa sababu sikutaka kula tena ugali ule.

Sitakuomba uwe jasiri. Ujasiri huchelewa kufika, na mimba haimsubiri mtu. Nitakupa njia za mkato: namna ya kuogopa huku umesimama palepale unapohitajika, na heshima yako mbele ya wanaume wenzako isipungue hata chembe. Kiburi unacho, mimi ninacho. Hatutakipiga vita. Tutakipangia zamu.

1. Ipe hofu yako kibarua

Hofu ya mwanaume haiji na jina lake. Inakuja kama hasira kwa sababu mboga imezidi chumvi. Inakuja kama safari ya ghafla, kama drafti mpaka saa nne usiku, kama chupa ya pili ambayo hukuipanga. Ukijikuta umegombana na jirani juu ya kuku, kaa chini ujiulize: hivi naogopa nini? Mara nyingi jibu ni moja kati ya mawili. Unaogopa hela haitatosha, au unaogopa mkeo atakufa.

Ya kwanza ina dawa ya mkulima. Mavuno yakiingia, chagua gunia moja la mahindi, lifunge kwa kamba ya rangi tofauti, umwambie mkeo: hili ni la mtoto. Usiliuze Juni au Julai wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Kama miezi inaruhusu, lisubirie Januari au Februari, maghala ya watu yakishaanza kuonyesha sakafu. Noti zilizoko mfukoni utakwenda nazo kijiweni. Gunia haliingii mfukoni.

Ya pili usiidharau, haikutoka hewani. Kila mmoja wetu anamjua mama aliyekwenda kujifungua asirudi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Zisome namba hizo pamoja. Ya kwanza inakuambia hofu yako ina akili. Ya pili inakuambia kuna watu wanaofanya kazi na kazi yao inaonekana, nawe unaweza kuwashika mkono.

Kwa hiyo usiiambie hofu inyamaze. Itume. Itume ikamtafute dereva ambaye simu yake haizimwi usiku, mkubaliane bei mapema, kabla hujamwamsha saa nane akakutajia bei ya saa nane. Itume iandike 115 kwenye simu yako, ya mkeo na ya mama yako. Hiyo ndiyo namba ya M-Mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kuipiga ni bure. Utashangaa utakavyolala usiku ule.

2. Nenda kliniki kwa kisingizio

Waage kijiweni kwa kusema unakwenda kuulizia mbolea ya ruzuku. Hakuna mwanaume wa Rukwa atakayekupinga, na hakuna atakayejitolea kukusindikiza. Kisha mpitie mkeo, muongozane. Uongo huu naubariki. Mkitoka kliniki kaulizie mbolea kweli, ili na wewe jioni uwe na la kusimulia.

Kuna na zawadi. Vituo vingi huanza kuwahudumia waliokuja na wenza wao. Wewe unayechukia foleni kuliko kodi, hii ndiyo foleni unayoweza kuiruka kihalali kwa kutembea na mkeo tu. Upande wa pili wa zawadi hiyo unauma: sehemu nyingine mwanamke aliyekuja peke yake hutakiwa kuleta barua ya mwenyekiti, ya kueleza mume yuko wapi. Hebu mwone mkeo anakwenda kuiomba barua hiyo, na mwenyekiti amekuona asubuhi hiyohiyo unacheza drafti.

Hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 tangu mwaka 2016. Ukiweza yote, nenda. Shamba likikubana, usikose la kwanza na lile la mwezi wa mwisho. Watapima presha, wingi wa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, na nyinyi wawili mtapimwa. Hapo ndipo wanaume wengi hukumbuka shughuli. Kaa kwenye benchi. Usijifiche nyuma ya majibu ya mkeo, maana majibu yake si yako. Watu hulala kitanda kimoja miaka na majibu yakatofautiana. Na kama una virusi, dawa zipo, na zikianza mapema mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa bila maambukizi.

Sasa njia ya mkato ya kuonekana mwanaume anayejua mambo. Uliza swali moja tu: "Nesi, dalili za hatari ni zipi?" Kisha sikiliza. Kutokwa damu. Kichwa kuuma kupita kawaida. Macho kuona ukungu au vimulimuli. Uso na mikono kuvimba. Degedege. Homa kali. Maji kutoka kabla ya wakati. Mtoto kupunguza kucheza, au kuacha. Zikariri kama ulivyokariri kikosi cha Simba au Yanga. Ikitokea moja tu, hamsubiri kupambazuke, hamsubiri mama mkwe atoe maoni, hamumalizi kula. Mnaondoka.

3. Siku kijiwe kitakapokukamata na dumu la maji

Kitakukamata tu. Unaweza kuteka maji alfajiri kabla watu hawajaamka, na nakushauri uanze hivyo, lakini mimba ni ndefu na kijijini macho ni mengi. Watacheka. Mmoja atasema limbwata lako lilitiwa kwenye chai.

Usijitetee. Waulize swali la wazee wao: ilungu ni nini?

Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuru la udongo lililosimama juu kuliko mtu mrefu. Hilo ndilo ilungu, na mabaki ya malungu bado yanaonekana hapa na pale kwenye uwanda huu. Katika mila yao tanuru halikuwa chombo tu. Lilikuwa bibi harusi, kisha likawa mama mwenye mimba, na chuma kilichotoka tumboni mwake kilikuwa mtoto. Siku za kuyeyusha, wahunzi hawakulala na wake zao. Walikaa na tanuru, wakalilinda, wakalisikiliza. Walikuwa wanaume wa kuogopwa, maana bila wao hapakuwa na jembe wala shoka wala mkuki.

Waulize basi, kwa upole: wazee wale nao walilishwa limbwata? Waliweza kuutunza udongo kwa sababu una mimba ya chuma, na wewe ushindwe kumbebea maji mwenye mimba ya mwanao? Halafu ondoka na dumu lako kabla hawajajibu. Kuondoka mapema ni nusu ya ushindi.

Na kwa kuwa tumetaja chuma, kuna chuma kingine kiko kabatini kwenu. Vile vidonge vya kuongeza damu alivyopewa mkeo ni madini ya chuma na asidi ya foliki, kimoja kila siku. Vinachosha. Vingine humletea kichefuchefu, na choo huwa cheusi, jambo ambalo halina ubaya. Wewe chukua uhunzi wa kidonge. Kifunge kwenye kitu ambacho hukosi kukifanya: ukiwasha redio ya taarifa ya habari jioni, mletee kidonge na kikombe cha maji. Maji, si chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, na hapa kwetu penye baridi kila kitu tunakishushia kwa chai. Chungwa au ndimu husaidia.

4. Mimba ikikukataa

Kuna asubuhi utaingia ndani na yeye atakimbilia nje kutapika. Ni harufu yako. Sabuni ileile, jasho lilelile, koti lilelile alilolipenda mlipokuwa wachumba. Watu husema mimba imemkataa baba yake. Nimewaona wanaume wenye miili ya kuvuta plau wakiugua kwa sentensi hiyo moja.

Kiburi chako kitataka kuhama nyumba. Kinyime nauli. Kichefuchefu hiki huanza kama wiki ya sita, na kwa walio wengi hupungua kabla mwezi wa tano haujafika. Mimba imeyakoleza mapua yake, na wewe ndiwe unayekaa karibu nayo kuliko wote. Badilisha sabuni. Koti la kazini liache barazani. Sigara ivutie mbali, au tumia nafasi hii uiache, umwambie kila mtu ni kwa sababu ya bei. Usiku laleni mzungu wa nne, miguu yako kichwani pake, mpaka upepo ubadilike. Ila usitoke kitandani.

Maana atatokea mtu wa kukunong'oneza kwamba kipindi hiki mwanaume hutafuta pa kupumzikia. Huyo usibishane naye, badilisha kiti. Maambukizi mapya yakiingia nyumbani wakati wa ujauzito, hatari kwa mtoto huwa kubwa zaidi, na wewe ndiwe utakuwa umeyafungulia mlango.

Akila udongo, usimcheke, wala usiufiche. Mwambie nesi. Wakati mwingine tamaa hiyo huenda pamoja na upungufu wa damu.

5. Ukianza kuumwa mimba yake

Hili hawakukuambia. Jino linauma, tumbo linajaa gesi, asubuhi mate yanakujaa mdomoni, usingizi umehama. Hujalogwa. Sumbawanga yetu, wenyewe tunasema jina lake maana yake ni "tupa uchawi", na bado atapatikana ndugu wa kukuelekeza kwa mganga. Ibakize hela hiyo kwenye gunia.

Wanaume wamekuwa wakiugua mimba za wake zao tangu zamani. Mwaka 1865 Mwingereza E. B. Tylor aliandika kuhusu desturi za watu mbalimbali ambao baba alilazwa na kutunzwa mtoto anapozaliwa, akatumia neno la Kifaransa lenye mzizi wa kuatamia, kama kuku anavyoatamia mayai. Leo madaktari hulitumia neno hilo kwa mume anayepata dalili za mkewe. Mwili wako umeanza kuatamia, ndiyo hivyo.

Na miili yetu hubadilika kweli. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi na majirani zao Wadatoga wanaofuga. Watafiti walipima homoni ya kiume, testosteroni. Kwa Wahadzabe, ambao baba hukaa sana karibu na watoto wadogo, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao baba huwaachia mama watoto wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Nikisikia hivyo nafurahi. Mhadzabe anayembembeleza mtoto jioni ndiye huyohuyo aliyeshinda porini na upinde. Akikuambia mtu kuwa kulea kunapunguza uanaume, mwambie akaangalie mshale wake.

6. Ongea na tumbo

Mkeo akiwa na miezi sita hivi, mtoto anasikia sauti za nje. Hujui useme nini, najua. Hakuna anayejua. Msomee bei: maharage kiasi gani debe, mahindi kiasi gani gunia, nani kauza ng'ombe. Mwambie mvua ya leo imenyesha upande gani wa shamba. Sauti ndiyo anayoitaka, maneno ataanza kuyadai baadaye. Mlango ufunge kama unaona aibu. Mkeo atacheka, na kicheko hicho ndicho kilichokosekana nyumbani tangu siku ya ng'ombe asiye na tatizo.

7. Ukizidiwa kabisa

Hapa napunguza sauti. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu baba mmoja kati ya kumi hupata sonona, kuanzia ujauzito hadi mtoto anapotimiza mwaka. Kijiwe chetu kina watu zaidi ya kumi. Ukiona hulali, huchekeshwi na kitu, hasira haiishi, pombe imekuwa uji wa asubuhi, au umeanza kuwaza kwamba nyumba ingekuwa nafuu bila wewe, usiyabebe peke yako hadi siku ya kujifungua. Hilo la mwisho likija, mwambie mtu leoleo.

Najua ulimi utakuwa mzito. Basi danganya. Nenda kwa daktari au nesi, sema una rafiki yako. Rafiki yako halali. Rafiki yako anaogopa. Watakuelewa, maana si wewe wa kwanza kuwa na rafiki wa aina hiyo, na ushauri wa rafiki utautumia wewe. Baadaye mtafute mmoja, kaka mkubwa, katekista, hata baba mkwe, umwambie bila rafiki. Mimi nilimwambia kaka yangu tukiwa shambani, tumepeana migongo, kila mtu na jembe lake. Hakusema kitu. Jioni alikuja na debe la ulezi la uji wa mke wangu.

8. Usiku wenyewe

Mfuko uwe tayari mwezi mmoja kabla: kanga na vitenge safi, beseni, mpira wa kutandika, glovu, wembe mpya, kibanio cha kitovu, nguo nzito za mtoto, kadi ya kliniki, na chochote kituo chenu kitakachoongeza. Mfuko uujue ulipo hata gizani. Kama una ajira, sheria ya ajira ya 2004 inakupa walau siku tatu za likizo ya uzazi zenye malipo, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, zidai. Kama ni mkulima, muombe ndugu mmoja akushikie ng'ombe, naye utamshikia wa kwake.

Wodini huenda usiruhusiwe kuingia, kwa sababu akina mama wanajifungua kwa pamoja na wanastahili sitara. Usigombane mlangoni. Kazi yako iko nje, na ni nyingi. Simu iwe na chaji. Chupa ya uji iwe ya moto. Kundi lako la damu ulijue, na wawili watatu wa kijiweni wawe wameshakubali kuchangia, kwa sababu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua mama haraka kuliko mengine. Unaona sasa kwa nini hatukukivunja kijiwe? Usiku huu tunakihitaji. Wapigie. Watakuja, na hakuna atakayetaja limbwata.

Kisha mlango utafunguka, mtu ataita jina la mkeo na kuuliza mwenyewe yuko wapi. Utapewa kifurushi kilichofungwa kitenge ulichokinunua wewe. Uliza kwanza habari za mama yake. Ndipo ukitazame. Mikono itatetemeka, macho yatajaa, na wenzako watakuwa nyuma yako wanakuangalia. Usihangaike. Ufipa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi. Sema ni baridi. Watavuta makoti yao, wote wataitikia kwamba leo baridi imezidi.